Flashi moja ya Linux kwa BIOS na UEFI

Flashi ya kusakinishia Linux inayowaka kwenye kompyuta moja na kukataliwa na nyingine mara nyingi haina hitilafu yoyote. Tofauti iko katika kile ambacho programu dhibiti ya kila kompyuta (programu ya msingi iliyomo ndani yake, ama BIOS ya zamani au UEFI iliyokuja baadaye) hukitafuta mara tu inapowashwa. BIOS tuliyoirithi kutoka kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haitambui faili wala folda, bali husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kuendesha msimbo uliomo. UEFI husoma mfumo wa faili wa FAT, na kwenye flashi hutafuta faili moja mahususi, yaani /EFI/BOOT/BOOTX64.EFI.

Faili za ISO (nakala kamili za diski ya usakinishaji) za Debian, Ubuntu na Fedora, ambazo ni matoleo ya Linux, huandaliwa kwa mseto, zikibeba msimbo wa BIOS pamoja na sehemu ya EFI inayosomwa na UEFI, hivyo kinachotakiwa ni kuzinakili baiti kwa baiti kwa amri ya dd, au kwa Rufus, programu ya Windows ya kuandalia flashi, katika modi ya DD. Naipendelea njia hii kwa sababu swali la kuchagua MBR au GPT (njia mbili za kupanga sehemu za diski) huondoka lenyewe. Hakikisha tu kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba unaandika kwenye flashi nzima, kwa mfano /dev/sdb na si /dev/sdb1 ambayo ni sehemu yake moja, kwa kuwa dd haikuulizi mara mbili.

Wasumbufu hasa ni tableti na kompyuta ndogo zenye kichakata cha Intel Atom cha kizazi cha Bay Trail: kichakata ni cha biti 64, lakini nyingi kati yake zina UEFI ya biti 32, inayotafuta BOOTIA32.EFI, na isipolikuta flashi haiwaki kabisa. Debian ilishughulikia mchanganyiko huo katika toleo la 8, la mwaka 2015, kupitia ISO yake ya usanifu mwingi, iliyobeba biti 32 na 64 pamoja.

Kompyuta zinazokubali njia zote mbili huweza kuonyesha flashi ileile mara mbili katika menyu, mara moja ikiwa na neno UEFI. Kabla ya kusakinisha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uangalie kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Isipokuwepo, umeingia kwa njia ya BIOS, na kisakinishi kwa kawaida kitaandaa diski kwa njia hiyohiyo.