Askari wa Miguu wa Uhispania: Kwa Nini Nimetenganisha Ari na Mazoezi

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilipanga upya jeshi langu la Uhispania la enzi za Napoleon, jeshi la askari wa karatasi ngumu waliobandikwa kwenye vipande vya mbao ninavyovipata kwa mafundi seremala wa Keko, na kilichonikawiza si gundi wala rangi bali ni kuamua kila batalioni iwekwe daraja gani la ubora. Kanuni tunazozitumia katika michezo yetu ya vita ya mezani kila Jumamosi hapa Sinza zinawapa askari wote wa miguu wa Uhispania daraja moja, tena la chini kabisa, iwe ni mwaka 1808 au 1813, awe ni mkulima aliyekabidhiwa bunduki wiki iliyopita au mlinzi wa mfalme. Hukumu hiyo siikubali.

Jeshi lililoingia vitani dhidi ya Wafaransa mwaka 1808 lilikuwa na rejimenti 35 za Wahispania, ambazo kila moja ilitakiwa kuwa na batalioni tatu, pamoja na batalioni 12 za askari wepesi wa miguu, rejimenti sita za Waswisi, mgambo wa mikoa na walinzi wa mfalme. Majina nayo yanaweza kumpotosha mpangaji: rejimenti za Irlanda, Hibernia na Ultonia ziliitwa za Waayalandi, lakini kufikia wakati huo ukoo wa Kiayalandi ulibaki zaidi kwa maofisa kuliko kwa askari wa kawaida.

Wanaoitetea hukumu ile ya daraja moja hukimbilia mapigano ya Talavera. Jioni ya tarehe 27 Julai 1809, batalioni nne za Wahispania zilifyatua risasi kwa pamoja kuwalenga wapanda farasi wa Kifaransa waliokuwa mbali mno kudhurika, kisha zikatupa silaha na kukimbia, na Wellesley, jemadari wa Waingereza waliokuwa washirika wa Wahispania, ambaye baadaye aliitwa Wellington, aliandika kwamba kilichowatisha ni mshindo wa bunduki zao wenyewe. Nilipomsimulia mzee mmoja mwenzetu, mwanajeshi mstaafu, hakucheka. Aliniuliza, "Mwanangu, hao walikuwa wamewahi kufyatua pamoja kabla ya siku ile?" Swali hilo ndilo lililonifanya niivunje kadi moja ya daraja kuwa kadi mbili, moja ya ari na nyingine ya mazoezi.

Ari ni kustahimili hasara bila kuvunjika. Mazoezi ni kubadili safu, kugeuka na kuunda mraba, yaani kujipanga pande nne kujikinga, mbele ya wapanda farasi bila kuchanganyikiwa. Kila moja naipima kwa alama moja hadi tano. Tazama mapigano ya Medellín, tarehe 28 Machi 1809. Askari wa miguu wa Jenerali Cuesta walisonga mbele katika mstari mrefu usio na akiba nyuma yake, wakawarudisha Wafaransa nyuma, hadi wapanda farasi wao wenyewe walipokimbia na kuwaacha ubavu wazi, wakachinjwa uwanjani kwa maelfu. Watu waliosonga mbele hivyo hawakupungukiwa na moyo, na kuwapa alama moja ya ari ni kuwadhulumu marehemu. Kwangu wana ari nne na mazoezi moja, na mezani matokeo yake yanafanana sana na yaliyotokea: wanakwenda mbele vizuri, kisha farasi wakitokea ubavuni hawawezi kugeuka kwa wakati.

Upande wa pili yapo mapigano ya Albuera, tarehe 16 Mei 1811, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndiyo batalioni ninazozipenda kuliko zote. Wafaransa walipotokea upande wa kusini ambako hawakutarajiwa, Jenerali Zayas aliwageuza watu wake, wakiwemo walinzi wa Guardias Españolas na rejimenti ya Irlanda, wakasimama karibu peke yao mbele ya divisheni mbili za adui hadi Waingereza walipofika. Kisha, katika vurugu za wapiga mikuki wa Kipoland waliopigana upande wa Wafaransa, risasi za Waingereza waliokuwa nyuma ya watu wa Zayas zikawapata watu hao, nao hawakuvunjika. Ari tano, mazoezi nne. Kugeuza mstari mzima huku adui anakaribia si jambo la ushujaa pekee. Mtu hufundishwa, na Zayas alisifika kwa kuwafundisha watu wake.

Kwa hiyo kila kadi yangu sasa ina jina la rejimenti, mwaka, na jina la jemadari. Vikosi vya Jenerali Freire wa Uhispania vilivyowarudisha Wafaransa wa Jemadari Soult pale San Marcial, tarehe 31 Agosti 1813, vimepata nne na nne, maana Wellington alikataa kuwapelekea Waingereza ili ushindi uwe wa Wahispania wenyewe.

Kilichobaki ni watu wa La Romana, jenerali wa Uhispania. Takribani 15,000 walipelekwa kaskazini mwa Ulaya mwaka 1807 kumtumikia Napoleon, na wapatao 9,000 walitoroshwa na meli za Waingereza kutoka Denmark mwezi Agosti 1808. Askari wao wa miguu walikuwa miongoni mwa wenye mazoezi bora nchini, lakini walifika kwenye mapigano ya siku mbili ya Espinosa mwezi Novemba wakiwa ndani ya jeshi lililochoka na lenye njaa. Mazoezi nimewapa nne bila kusita. Kwenye ari nimeandika nne kwa kalamu ya risasi, na Jumamosi hii tutaanza mchezo wakiwa wamepunguziwa alama moja kwa ajili ya njaa, nione watasimama siku ngapi kati ya zile mbili.