Pensi na ndoo

Juzi jioni binti yangu, ambaye yuko mafunzoni katika hospitali moja hapa Bukavu, alirudi nyumbani, akavua blauzi yake nyeupe na kuniuliza kabla hata ya kuketi: «Mama, daktari akikufokea mbele ya mgonjwa, wewe unajibu nini?» Sikumjibu. Niliitumbukiza blauzi ile majini, na harufu ya klorini iliyokuwa imeganda mikononi mwake ikanirudisha kwenye chumba cha upasuaji, usiku mmoja wa mwaka 2006.

Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ilikuwa inanguruma uani, na mzazi tuliyekuwa tukimpasua alikuwa macho kabisa, kwa maana alikuwa amechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni tu. Mtoto alikwisha kutoka na alikuwa akilia vizuri. Daktari alinyoosha mkono bila kugeuka, akataka pensi iliyonyooka, ile koleo ndogo ya kubania mishipa, nami nikamwekea kiganjani ile iliyopinda. Aliitazama kwanza, nakumbuka hilo, aliitazama kama mtu aliyewekewa mchanga katika chakula, kisha akaitupa. Iligonga vigae chini ya dirisha, ikarudi, ikazunguka sakafuni mara tatu au nne kwa mlio mwembamba ambao hakuna aliyethubutu kuukatiza. «Nani amenipa punda huyu?» aliuliza. Hakuna aliyejibu, mtaalamu wa usingizi alikuwa ameinamia dawa zake kana kwamba anazisoma. Sauti pekee iliyosikika ilitoka nyuma ya pazia la kijani, ya mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa amelala tumbo wazi: «Pole, mama.»

Nadhani ningeyavumilia matusi. Ile pole ndiyo iliyonivunja.

Tulipofika kwenye kuhesabu kompresi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kabla ya kufunga tumbo, nilipata tisa, ilhali tulianza na kumi. Ilikuwa kazi yangu kusema. Nilihesabu tena, nikapata tisa tena, na mdomo ukakataa kufunguka, kwa kuwa nilikuwa nikiuona mkono ule unavyotupa. Daktari alikwisha kuomba uzi. Hapo mama wa usafi, aliyekuwa akingoja mlangoni ili achukue vitambaa vya damu, akasema kwa sauti ya chini: «Mama, kuna kimoja kimeangukia nyuma ya ndoo.»

Nilimgeukia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyasahau: «Nani amekuuliza? Kazi yako ni ndoo.»

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkuu wa wauguzi aliandika ripoti, daktari akaitwa, akaeleza kwamba ulikuwa upasuaji wake wa nne tangu alfajiri, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kesho yake akaniletea Fanta ya baridi bila neno lolote. Niliinywa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya mambo 19 ya usalama wa upasuaji, na ilipotufikia tulianza, kabla ya kupasua ngozi, kujitaja kila mmoja jina lake na kazi yake. Daktari yule yule alilazimika kulisikia jina langu kila asubuhi, na sitasema kwamba halikusaidia. Ila mzunguko huo wa majina uliishia mezani. Mwenye ndoo alikuwa bado mlangoni, na mimi, niliyekuwa nimefanya naye kazi kwa miaka miwili, sikuwa nalijua jina lake.

Niliwahi kumwona baadaye katika soko la Kadutu, akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nilinunua nyingi kuliko tulivyohitaji, sikubishania bei, naye alinipimia na kuongeza kiganja kimoja juu, kama anavyomfanyia mteja yeyote. Tulisema asante, basi.

Binti yangu alikuwa bado anangoja jibu. Nilimsimulia habari ya pensi tangu mwanzo hadi Fanta, tukacheka kidogo. Ya ndoo sikumwambia. Nilisuuza blauzi mara mbili, nikaianika.