Wiki ya sita: magadi yamemla babu

Nilisema kufikia sasa nitakuwa na printi kumi za babu. Niko na mbili na nusu, na hiyo nusu ndio stori.

Kwa wenye wamejiunga sasa hivi: kwetu tuko na picha moja tu ya babu, ile ndogo ya kitambulisho, muhuri umemkata kidevu, na hata hiyo ina kesi kwa sababu dani, yaani nyanya yangu, anasema ni babu na anko anaapa ni ndugu ya babu aliyefanya kazi reli hapa Kisumu. Ndio nikaamua kuikuza, niwawekee mezani waamue.

Karatasi natengeneza mwenyewe na magugu maji ya ufuo wa Dunga, unachemsha mabua na magadi mpaka yalainike, unatwanga, unachota rojo kwa wavu, unaanika. Halafu napaka sayanotaipu, ni dawa mbili zenye chuma unachanganya nusu kwa nusu, jua likizipiga zinageuka bluu. John Herschel alivumbua hii kitu 1842 na hadi leo haitaki stima. Nikaweka negativu, ya plastiki, nimeprintiwa saiba, dakika nane jua la saa sita, nikaosha na maji, babu huyu hapa! Hadi kovu juu ya nyusi, na kwa ile picha ndogo sisi wote tulidhani ni uchafu.

Kesho yake asubuhi ameenda. Shati hakuna, macho yamebaki manjano manjano. Nikalaumu dawa, nikalaumu kijana wa saiba (pole bro), kumbe ni magadi. Hiyo bluu haipatani na magadi wala sabuni, inachujuka, na mimi rojo nilikuwa nimeisuuza mara moja tu mbio mbio.

Rafiki yangu mchoraji akaniambia niiache hivyo, eti kufifia ndio kumbukumbu yenyewe. Zii. Dani haoni vizuri, nimpelekee ukungu nimwambie ni bwanake?

Sasa nasuuza mara tano, ya mwisho maji ya ndimu. Mbili za juzi zimeshika. Moja nimetarizi ule mduara wa muhuri na uzi mwekundu, nikaizungushia kipande cha leso kuukuu ya dani.

Jumapili nikaipeleka. Dani ameishika weee, akauliza, "Na mbona umemvalisha rangi ya sare ya shule?"

Anko hakusema kitu. Aliomba miwani, akaweka kidole kwa lile kovu.