Shairi la papo kwa hapo kwenye meza ya harusi

Ukikaa mezani harusini kuwaandikia watu mashairi papo kwa hapo, mteja akifika, muulize mambo matatu tu: jina la mlengwa, yaani anayeandikiwa shairi, uhusiano wao, na kitu kimoja anachokipenda mlengwa huyo. Ukiuliza zaidi, foleni inakatika.

Beti mbili za tarbia zinatosha: kila ubeti mishororo (mistari) minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane kwa nane katika vipande viwili. Jina ndilo linalosumbua. Mwanakombo ni rahisi: kwa kina (silabi ya mwisho inayofanana) cha -mbo kuna urembo, mapambo, wimbo. Jina lisilo na vina vingi liweke mwanzoni mwa mshororo, usilifungie mwishoni: “Asha ua la nyumbani, nuru yako haizimi.”

Hesabu kwa vidole kabla ya kuandika. Anayejua mashairi hukamata mizani 15 papo hapo. Tahajia ya jina aiandike mteja mwenyewe. Kalamu ya wino wa maji iache nyumbani, jasho la mkono huuchafua.