Visu vyangu, fundi wa baiskeli na kinoo

Visu vya nyumbani kwangu Buruburu, Nairobi, vilikuwa vikinolewa na fundi anayepita na baiskeli. Anapita mtaani akiita "Visu! Makasi! Panga!", anaisimamisha baiskeli kwa stendi, anapanda na kuanza kupiga pedali, jiwe la mviringo linazunguka mbele yake, cheche zinaruka. Kwa panga na visu vya bei rahisi sijaona wa kumshinda, na bado namwita.

Ila nilipozawadiwa kisu cha maana, cha chuma kigumu, nilisita. Jiwe kavu linalokwenda kasi hupasha chuma moto, na ukingo ukishageuka rangi ya samawati, ugumu umekwisha: kitakata leo, keshokutwa ni butu tena. Fundi mwenyewe alikipitisha kidole gumba kukingama makali, akanirudishia.

"Hiki, mama, tafuta jiwe la maji ukae nacho polepole."

Basi nikanunua kinoo cha pande mbili, 1000 na 6000. Namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi. Nakiloweka majini mpaka mapovu yaishe, nakiweka juu ya kitambaa kibichi kisiteleze.

Kazi yote iko kwenye mwinamo. Kisu changu kina upana wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo nauinua mgongo wake kama sentimita 1 kutoka kwenye jiwe, ambayo ni karibu nyuzi 15, na siubadilishi mwinamo huo. Nasukuma na kuvuta, kutoka karibu na mpini hadi nchani. Yale maji meusi yanayojitokeza usiyaoshe, ndiyo yanayonoa. Kisha napapasa upande wa pili, kidole kikitoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wake. Nikisikia kitu kinakwaruza, kiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja, na kipo kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo nageuza. Wengi hugeuza kabla hakijatokea, halafu wanalaumu jiwe. Mwishoni napitisha kila upande kwa wepesi sana, nikibadilisha zamu, mpaka kiukingo kiondoke.

Upande wa 6000 ni anasa, ukiniuliza. Kwa nyanya za kachumbari napenda makali ya 1000, maana yana vijimeno vinavyokamata ganda badala ya kuteleza juu yake. Naweka kisu juu ya nyanya iliyoiva na kukivuta bila kukandamiza. Kikizama chenyewe, tumemaliza.

Katikati ya wiki, kikianza kulegea, nakigeuzia kikombe cha udongo kichwa chini na kukipitisha kisu mara chache kwenye ile duara ya chini isiyo na rangi ya kung'aa. Sukuma wiki inakatika nyembamba kama ya mama mboga, au karibu. Kisu cha mkate chenye meno hakifai kwenye jiwe bapa, kwa hiyo hicho sikigusi.