Michango ya wasia: anzeni na makaratasi, kipeperushi baadaye

Asasi ikisikia kwamba mwenzake ameachiwa nyumba kwenye wasia wa mchangiaji, kinachofuata mara nyingi ni kuchapisha kipeperushi. Huko ni kuanzia mwisho. Mchango wa wasia huahidiwa leo na kufika baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, na siku ukifika aliyeuahidi hayupo wa kuulizwa alimaanisha nini. Kinachobaki kusema ni karatasi.

Bodi ndiyo ianze, na si kwa kuitikia tu kikaoni. Ipitishe sera ya kupokea michango, kurasa mbili au tatu, inayosema tunapokea nini, tunakataa nini, nani mwenye mamlaka ya kukataa, na fedha isiyo na masharti inaingia wapi. Kwenye ardhi ndiko asasi nyingi zinakoumia. Kiwanja kinaweza kuja na deni la benki, kodi za miaka, mpangaji asiyetaka kutoka, au ndugu wawili wenye kesi mahakamani. Basi sera ikataze kupokea kiwanja chochote kabla mtu hajafika kukiona, hati haijahakikiwa kwa msajili, na gharama za kukitunza hadi kiuzwe hazijajulikana. Kuhusu fedha taslimu, mimi napendelea kanuni rahisi: iingie akiba, kisha bajeti ichote theluthi yake kila mwaka kwa miaka mitatu. Bila kanuni, mirathi ya kwanza hulipia mishahara, ofisi ikazoea, na mwaka unaofuata haiji nyingine. Bajeti haipangwi kwa kutegemea misiba.

Kisha andaeni kifungu ambacho mchangiaji atampelekea wakili wake. Kinaweza kusomeka hivi:

"Ninaiachia (jina kamili la asasi), namba ya usajili (namba), asilimia (kiasi) ya mali yangu itakayobaki baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi na mirathi, kwa ajili ya shughuli zake kwa jumla. Iwapo asasi hiyo itakuwa imebadili jina au kuungana na nyingine, mchango huu uende kwa asasi iliyochukua nafasi yake; na iwapo itakuwa imevunjwa, uende kwa asasi yenye malengo yanayokaribiana nayo. Stakabadhi ya mhazini wake itatosha kuthibitisha kwamba msimamizi wa mirathi ametimiza wajibu wake."

Kila neno hapo lina kazi. Jina la mtaani bila namba ya usajili huleta asasi mbili zenye majina yanayofanana mbele ya hakimu mmoja. "Shughuli zake kwa jumla" huokoa fedha isifungiwe kwenye mradi utakaokuwa umekufa. Asilimia nayo ni bora kuliko kiasi kamili, kwa sababu mbili. Mfumuko wa bei hula kiasi kilichoandikwa miaka mingi nyuma. Halafu, kwa kawaida kiasi kamili hulipwa kabla ya kugawa kinachobaki, kwa hiyo mali ikipungua, watoto ndio wanaopunjika, na hapo ugomvi huanza. Kifungu hicho kipitiwe na wakili wa nchi husika. Sheria ya Kiislamu hairuhusu kuusia zaidi ya theluthi ya mali kwa wasio warithi bila ridhaa ya warithi, tena baada ya mazishi na madeni. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja anaweza kuusia nusu tu kwa amtakaye. Wakiwa wawili, theluthi. Watatu na kuendelea, robo.

Bima ya maisha na pensheni zina njia fupi zaidi: pale zinaporuhusu, mchangiaji huandika asasi kwenye fomu ya wanufaika. Mwambieni tu akague fomu ya zamani, maana mara nyingi fomu ndiyo inayofuatwa hata wasia ukisema vingine. Mipango ambayo mchangiaji hutoa mali yake sasa na asasi ikamlipa pato hadi afe, kama ilivyo Marekani, iacheni kwanza. Inadai akiba na wataalamu ambao asasi inayoanza haina budi kuwalipa hata pasipokuwa na mchango.

Wa kuwaambia ni nani? Msikimbilie matajiri. Pangeni orodha kwa idadi ya miaka mtu aliyochangia, si kwa ukubwa wa kiasi. Yule anayetoa kidogo kila mwaka bila kukosa, hasa asiye na watoto, yuko karibu zaidi na uamuzi huu. Wajumbe wa bodi waulizwe kabla yake. Ambaye hajaandika wasia wake atamwombaje mwingine? Na mtu asifuatwe kitandani akiumwa.

Mipaka mingine haina mjadala. Mfanyakazi wa asasi asiandike wasia wa mchangiaji, asiutunze, asiwe shahidi wake. Ndugu wakitaka kuupinga, hicho ndicho watakachokishika kwanza: kwamba mzee alishinikizwa.

Anayekubali ajaze fomu ya nia, isiyomfunga kisheria, yenye kusema kama jina lake litangazwe au lifichwe. Fomu hiyo si mapato. Wasia hubadilishwa wakati wowote, kwa hiyo mhazini asiiandike kama fedha inayodaiwa. Iwekwe mahali ambapo watu wawili wana ufunguo. Ikijulikana na afisa mmoja tu, siku akiacha kazi ahadi zote zinaondoka naye.

Msiba ukitokea, rambirambi kwanza, bila kutaja mali. Baadaye mwandikieni msimamizi wa mirathi, si familia, mkiomba nakala ya kifungu kinachowahusu, orodha ya mali na madeni, na hesabu za mwisho. Mahakama na uuzaji wa mali vinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ulizeni kila baada ya miezi mitatu, kwa maandishi, na kila jibu liingie kwenye jalada la mirathi hiyo. Fedha ikifika, stakabadhi itoke na jalada lifungwe kwa barua moja ya shukrani kwa ndugu.