PMI ya Kenya: usiishie kwenye namba kubwa

Kila mwanzo wa mwezi kurasa za biashara Nairobi hutawaliwa na namba moja: PMI ya Stanbic Bank, kipimo cha hali ya biashara kinachotokana na kuwahoji mameneja wa manunuzi. Ikivuka 50 tunaambiwa biashara imenoga, ikishuka chini ya hapo imedorora. Wenye viwanda huamua kuagiza malighafi kwa kusikia hilo tu, na hapo ndipo wanapoumia.

S&P Global, inayokiandaa kipimo hicho, huhoji kampuni zipatazo 400 za kilimo, madini, viwanda, ujenzi, uchuuzi wa jumla na rejareja, na huduma. Kwa hiyo si kipimo cha viwanda peke yake. Swali lenyewe ni jepesi: ukilinganisha na mwezi uliopita, mambo yamepanda, yako palepale au yameshuka? Tuseme kati ya kampuni 100, 30 zimepanda, 45 ziko palepale, 25 zimeshuka. Chukua 30, ongeza nusu ya 45, unapata 52.5. Hesabu hiyo inaonyesha waliopanda ni wengi kiasi gani, haionyeshi wamepanda kwa kiasi gani.

Mfano ni Julai 2024: baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, PMI ilianguka hadi 43.1, na Agosti ikasoma 50.6. Wengi walidhani hasara imefidiwa. La. 50.6 ilipimwa kutoka kwenye shimo la Julai.

Namba kubwa, yaani PMI yenyewe, huunganisha vipimo vitano, kila kimoja kwa uzito wake: oda mpya asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa mizigo 15, akiba ya vilivyonunuliwa 10. Mtego uko kwenye mizigo, kwa sababu kipimo chake hugeuzwa: mizigo ikichelewa, PMI hupanda, kwa dhana kwamba wauzaji wamezidiwa na oda. Lakini lori likikwama kwa sababu barabara imefungwa, hakuna oda yoyote iliyoongezeka. Piga hesabu: oda 48, uzalishaji 51, ajira 50.5, mizigo 54 baada ya kugeuzwa, akiba 52. Ukizidisha kila kimoja kwa uzito wake, jumla ni 50.55. Kwa juu panang'aa, na oda zinapungua!

Matumaini ya biashara, yaani matarajio ya uzalishaji miezi 12 ijayo, hayamo kabisa kwenye namba kubwa, yasome kando. Mimi huyaamini pale tu ajira na manunuzi ya malighafi yanapopanda pamoja nayo. Kampuni inayosema mwakani kutakuwa kuzuri huku haiajiri wala hainunui, bado inaomba dua.

Ukiipata ripoti, anza na oda mpya, kisha bei za malighafi dhidi ya bei za kuuzia. Malighafi zikipanda kasi kuliko bei ya kuuzia, faida inaliwa hata kama PMI iko 52. Linganisha miezi mitatu mfululizo kabla ya kujaza stoo.